Ubishi wa Republican na Democrat umenichosha: pale hakuna msimamo, kuna zamu tu

Wakuu, heshima kwenu.

Naishi Marekani, nalipa kodi Marekani, napiga kura Marekani, na leo imenifika hapa shingoni. Kila nikifungua nyuzi za siasa za huku nakuta Waswahili wenzangu, wengine wako Dodoma, wengine Mombasa, wengine tuko nao huku huku, wanatukaniana wazazi kwa ajili ya Trump au kwa ajili ya Kamala. Huyu anaambiwa kaisaliti dini, yule anaambiwa kaisaliti rangi yake. Watu waliosaidiana kuzika na kuozesha hawapokeleani simu tena. Na hoja wanazopigiana kelele zimetungwa Washington, na waliozitunga hawaziamini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Wahafidhina wa Republican na waliberali wa Democrat wangekuwa wanagombana kwa imani, ningewaheshimu wote. Kodi iwe kubwa au ndogo, serikali iingie kwenye afya au ikae pembeni, mpaka ulindwe vipi: hayo ni mambo ya watu wazima kubishania. Lakini hawa wana hoja ya kutumia wakiwa nje na hoja ya kutumia wakiwa ndani, na siku ofisi ikibadilisha mkono wanabadilishana karatasi.

Angalieni Mahakama ya Juu. Februari 2016 alifariki Jaji Antonin Scalia. Obama alikuwa amebakiwa na miezi kumi na moja, na Machi akamteua Merrick Garland. Mitch McConnell, kiongozi wa Republican kwenye Seneti, akakataa hata kumpa kikao cha kuhojiwa. Sababu yake: huu ni mwaka wa uchaguzi, wananchi waachwe waseme kwanza. Seneta Lindsey Graham akafika mpaka kusema kwamba ikitokea nafasi wazi mwaka wa mwisho wa rais wa Republican, watu wayachukue maneno yake wamkabe nayo. Haya, Septemba 2020 akafariki Jaji Ruth Bader Ginsburg, uchaguzi umebaki chini ya wiki saba. Trump akamteua Amy Coney Barrett, na tarehe 26 Oktoba Seneti ikampitisha kwa kura 52 kwa 48, siku nane kabla ya uchaguzi, wakati mamilioni ya watu wameshapiga kura za mapema. Mwenyekiti wa kamati iliyoendesha vikao vyake alikuwa nani? Graham huyo huyo. Na wale waliotuimbia mwaka 2016 kwamba wananchi waseme kwanza, waliokohoa walikuwa wachache mno.

Basi shabiki wa Democrat akisoma hapo anachekelea. Subiri.

Kwenye Seneti kuna kanuni inayotaka kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe na muswada upigiwe kura. Wenyewe wanaita filibasta. Mwaka 2005 Republican walipotishia kuivunja kwa ajili ya majaji wa Bush, Wademokrat, akiwemo seneta kijana Barack Obama, walisimama kuitetea kwamba ndiyo ngao ya wachache. Mwaka 2013 wakiwa wengi, Harry Reid wa Democrat akaivunja kwa majaji wa mahakama za chini na maofisa wa serikali. McConnell akawaonya kwamba watajuta, na mapema kuliko wanavyodhani. Mwaka 2017 McConnell akaivunja yeye kwa Mahakama ya Juu, Neil Gorsuch akapita. Mwaka 2020 Obama akasema kanuni hiyo ni masalia ya enzi za ubaguzi wa rangi, na mwaka 2022 chama chake kilitaka kuitengua ili kipitishe sheria ya haki ya kupiga kura, kikakwamishwa na maseneta wake wawili, Joe Manchin na Kyrsten Sinema. Mwaka 2025 Wademokrat wako wachache tena, wakaikumbatia ngao yao ya zamani kuzuia bajeti, na safari hii aliyepiga kelele ivunjwe alikuwa Trump. Kanuni ni moja, majengo ni yale yale, na wengi wao ni watu wale wale.

Bajeti hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Oktoba 2013 Republican, Ted Cruz akiwa mbele, waliifunga serikali siku 16 kwa kuzuia bajeti, wakitaka Obamacare, sheria ya bima ya afya ya Obama, iondolewe. Wademokrat wakasema, na walisema kweli, kwamba huwezi kuiteka serikali ya watu wote ili upate sheria uliyoshindwa kuipata kwa kura. Kisha ikaja siku 35 za 2018 na 2019, Trump akidai dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpakani. Kisha tarehe 1 Oktoba 2025 Wademokrat wakaukataa muswada wa bajeti mpaka ruzuku za bima ya afya ziongezewe muda. Sasa ni Republican waliosema huwezi kuiteka serikali! Hotuba zilihamishwa mdomo tu. Serikali ikafungwa siku 43, ndefu kuliko zote zilizoitangulia katika historia ya nchi hii.

Ruzuku zile mimi nazitaka, nasema wazi. Najua majirani ambao bila ruzuku hawana bima. Lakini wale maseneta wanane wa upande wa Democrat waliovunja mgomo mwezi Novemba walirudi na nini mkononi kuhusu ruzuku hizo? Ahadi kwamba jambo litapigiwa kura baadaye. Siku 43 kwa ahadi ya kura!

Na wakati huo mimi nilikuwa kaunta. Nafanya kazi ya keshia kwenye duka la vyakula. Watu takriban milioni 42 nchi hii wananunua chakula kwa msaada wa serikali, SNAP, na pesa hiyo inaingia kwenye kadi. Wiki ya kwanza ya Novemba kadi hazikuingia kitu. Akaja mama mmoja na watoto wawili, vitu vyake vimepangwa vizuri: maziwa, mayai, mkate, siagi ya karanga, kopo mbili za maziwa ya mtoto. Akapitisha kadi, mashine ikasema hakuna salio. Akapitisha tena. Nyuma yake mzee mmoja, kwa sauti ya kusikika na wote, akasema, waulize Wademokrat wako. Dada wa foleni ya pili akamjibu kwamba rais ndiye aliyeamua watoto walale njaa, na wakawashana pale pale, wakitajiana bilioni, ukuta, wahamiaji, Obamacare, mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Yule mama hawakumtazama hata mara moja. Alikuwa anatoa vitu kimoja kimoja kwenye mkanda, ananiuliza kwa sauti ya chini, hiki kikitoka inabaki ngapi? Alibakiza kopo moja la maziwa na mkate, akalipa kwa sarafu. Na wale wawili, kila mmoja na toroli lake limejaa, wakaendelea.

Wabunge wa Congress wanalipwa dola 174,000 kwa mwaka, na mishahara yao haikusimama hata siku moja. Waongoza ndege walikaa kwenye mitambo bila mshahara mpaka safari za ndege zikapunguzwa nchi nzima.

Kuna mengine mengi, niyapitie haraka. Februari 2024 ulikuwepo muswada wa mpaka ulioandikwa na seneta mhafidhina wa Oklahoma, James Lankford, pamoja na Chris Murphy wa Democrat na Sinema. Republican walikuwa wamelilia mpaka miaka yote. Trump alipoupinga, wakaukimbia. Mwaka 2025 Texas ikachora upya majimbo ya uchaguzi katikati ya muongo ili Republican wavune viti vitano. California, ambayo wapiga kura wake walikuwa wameikabidhi kazi hiyo tume huru, ikaiweka tume pembeni na Wademokrat wakachora yao. Chama kilichotaka mwaka 2021 sheria ya kukomesha uchoraji wa namna hiyo nchi nzima! Joe Biden alisema hatamsamehe mwanawe, Desemba 2024 akamsamehe. Trump aliyejinadi kwa sheria na utulivu akaingia ofisini tarehe 20 Januari 2025 na siku hiyo hiyo akawasamehe watu wapatao 1,500 wa uvamizi wa bunge wa Januari 6, 2021, wakiwemo waliowapiga polisi.

Na msije kuniwekea mdomoni kwamba pande zote ziko sawa kwa kila jambo. Kukataa matokeo ya kura na kuwaacha watu walivamie bunge, hilo kwangu ni zito kuliko yote niliyoyataja, na ni la upande mmoja. Lakini waliotuambia kwa miaka kwamba anayeuona uzee wa Biden ni mwongo na mzushi, kisha baada ya mdahalo wa Juni 2024 wakamgeuka ndani ya wiki nne, nao wana deni kwa waliowaamini. Mimi ni mmojawapo.

Ninyi mlio nyumbani mnaofuata ubishi huu kwa raha zenu, hili la PEPFAR, mpango wa Marekani wa kusaidia nchi nyingine kupambana na UKIMWI, nawaomba mlisome polepole. Mwaka 2003 mpango ule wa UKIMWI ulianzishwa na George W. Bush, mhafidhina wa Texas, ukapita Congress kwa kura za pande zote. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zilikuwemo kwenye kundi la mwanzo. Ukahuishwa 2008, 2013 na 2018, kila mara kwa miaka mitano. Mwaka 2023 wahafidhina wakadai fedha zinapitia kwa mashirika yanayotetea utoaji mimba, wakataka masharti mapya. Waliberali wakakataa masharti. Kila upande ukawa unawahutubia wapiga kura wake, muda ukaisha Septemba, na Machi 2024 mpango ukapewa mwaka mmoja tu. Januari 2025 ikaja amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na ilipofika Julai USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwa imefungwa. Wahudumu wa kliniki waliokuwa wakilipwa na miradi hiyo waliambiwa wakae nyumbani. Mgonjwa anayefuata dawa zake CTC, kliniki ya UKIMWI, hajawahi kumpigia kura Mmarekani yeyote. Alitupwa nje ya meza na ugomvi wa kanisa na kliniki za Marekani, halafu sisi, ndugu zake, tunakesha mtandaoni tukiwashangilia waliomtupa.

Mnaokuja kuchangia, msiniletee "mbona na wao". Nimeshawatajia wao na wao. Nitajieni jambo moja ambalo chama chako kililisimamia kikijua kwamba kitapoteza. Mtu mmoja mmoja wapo: Liz Cheney, mbunge wa Republican na mhafidhina kindakindaki, alisimama kwenye suala la Januari 6 na mwaka 2022 wapiga kura wa chama chake kule Wyoming wakamng'oa kwenye kura za mchujo. Seneta John McCain wa Republican alirudi Seneti Julai 2017 akiwa na saratani ya ubongo, akakataa kuifuta Obamacare mbele ya wenzake wote. Mimi nauliza chama. Leteni mwaka, leteni kura. Atakayekuja na matusi ya "MAGA" kwa mashabiki wa Trump au "woke" kwa waliberali badala ya jibu sitamjibu.