Mitumba ama nguo mpya za dukani? Naanza kazi Kisumu mwezi ujao

KijanaWaNjoro

Habari za jioni wadau. Mimi ni wa Njoro hapa Nakuru na mwezi ujao naanza kazi ya ofisi Kisumu, ile ya shati na suruali kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi, Ijumaa ndio mtu anavaa anavyotaka. Shida ni nguo zangu zote ni masweta na majaketi juu huku kwetu asubuhi hata mbwa anatetemeka, na nasikia Kisumu nikivaa hivyo nitafika ofisini nimeloa. Nimeweka elfu kumi na tano ya nguo, viatu ndani.

Sasa mchumba wangu anasema ofisini ni nguo mpya, mtu akivaa mtumba inajulikana. Binamu yangu anayekaa Kondele anasema nikipeleka hiyo pesa dukani nitatoka na mashati manne na majuto, niende soko la Kibuye huko Kisumu. Bei naijua kwa hivyo msinieleze ati mtumba ni rahisi, hiyo hata mtoto anajua. Nachotaka kuelewa ni hawa watu wa magari makubwa wanaopaki kando ya soko Jumapili na wanaweza kununua duka zima, wanatafuta nini pale? Na ni nguo gani ambazo hata nikipewa bure za mtumba nisiguse?

NyarKibuye

Karibu Kisumu mapema omera. Mimi nauza mashati ya wanaume, hiyo ndio kazi yangu, kwa hivyo najua naongea nikivutia kwangu lakini nitakwambia ukweli.

Sisi tunanunua robota likiwa limefungwa, kilo 45, hufungui kwanza uone, unalipa halafu unakata kamba ukiomba Mungu. Ndani kuna zile safi kabisa, hizo tunaita kamera, zingine zimevaliwa saa moja tu kwa harusi na zingine hazijavaliwa hata, karatasi ya duka bado inaning'inia. Halafu kuna za katikati. Halafu kuna fagia, hizo ndio unaona zimemwagwa chini kwa turubai tukiimba hamsini hamsini. Sasa hao wa magari unaowauliza hawakuja kwa turubai. Wengi wana namba yangu, nikikata robota napiga picha natuma, kabla jua lichomoze vizuri kamera zimeshaenda. Wewe ukija saa nane mchana unakuta fagia na za katikati halafu unaenda kusema mtumba umechoka.

Wanachotafuta? Kitu ambacho hakuna mwingine ofisini atakuwa nacho. Shati ya dukani ikiingia mjini inaingia katoni nzima, rangi moja, ukienda benki unakuta meneja na askari wa mlangoni na wewe mmevaa kitu kimoja. Kwangu kila shati iko pekee yake. Ukiikosa umeikosa, ndio maana mtu akiishika hataki kuirudisha hata kama bado tunabishana bei 😂

Na huyo mchumba mwambie hakuna mtu anajua. Kinachojulikana ni shati haijapigwa pasi.

Fundi_Kondele

NyarKibuye amesema ya soko mimi nitasema ya kitambaa maana hizo nguo zote zinapitia kwa cherehani yangu, mpya na mtumba.

Suruali ya ofisi ya mtumba, ile imetoka kwa mtu aliyeinunua kwa pesa nzuri kule Ulaya, ukiifungua kwa nyuma kiunoni unapata kitambaa kimekunjwa ndani, hata inchi moja kila upande. Hicho kiliachwa makusudi, mwenyewe akinenepa fundi anaachilia. Sasa chukua hii mpya ya bei ya chini ugeuze ndani, mshono umekatwa karibu na uzi kabisa hakuna cha kuachilia, siku utakula Krismasi kwenu Njoro ikachanika hapo nyuma hata mimi siwezi kukusaidia zaidi ya kubandika kiraka. Mtu anaona suruali mbili anasema zinafanana, hazifanani kabisa, tofauti iko ndani.

Jingine ni pamba. Kisumu bila pamba ama kitani utateseka bana, poliesta inashika jasho na kufikia saa sita wewe mwenyewe unajikimbia. Lebo ikiwa imekatwa vuta uzi mmoja pale chini kwa pindo uchome na kiberiti (nje ya kibanda tafadhali, sio juu ya mali ya watu). Pamba inanuka kama karatasi ikiungua na inabaki jivu laini. Poliesta inajikunyata inayeyuka inabaki kashanga kagumu keusi na harufu ya plastiki. Ikifanya yote mawili ujue imechanganywa, hiyo si mbaya ikiwa pamba ndio nyingi, haikunjiki ovyo.

Na angalia kola kwa ndani, pale inapokunjwa. Kama imeanza kuwa na manyoya hiyo shati imebakisha miezi. Kwapani iinue juu uangalie na mwanga wa jua, madoa ya njano ni magumu sana kutoka. Vifungo visikusumbue, vifungo mimi nakuwekea. Kupunguza suruali ni mia na hamsini, mikono ya shati mia, na mtumba ukipita kwa fundi mara moja unakaa kama ulipimwa wewe, hiyo ndio siri ya hao wa magari bwana, wananunua halafu wanakuja kwangu. Wachache sana wanavaa vile ilitoka sokoni.

MtotoWaKicomi

Nimesoma nikinyamaza lakini acha niseme. Mnajua hii Kisumu ilikuwa na kiwanda cha nguo? KICOMI. Mzee wangu alikuwa kwa mashine za kufuma, pamba ilikuwa inatoka Siaya, Busia, Homa Bay, mkulima analima, ginari inachambua, sisi tunafuma, na shuka ya Kisumu ilikuwa inalaliwa Kenya nzima. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa kontena, kiwanda kikafa. Eldoret Rivatex pia ikaanguka, bahati yake ni Chuo Kikuu cha Moi kiliinunua 2007 na ikafunguliwa upya 2019. Sisi hatukupata wa kutuinua. Sasa mkisifu kamera na fagia mjue hapo mnaponunua kuna watu walikuwa na mishahara na nyumba za kampuni.

Kijana nunua mpya iliyoshonwa Kenya. Hata ukinunua mbili tu.

NyarKibuye

@MtotoWaKicomi pole kwa mzee, kweli kabisa, hata kwetu shangazi alikuwa analima hiyo pamba. Lakini pamba aliiacha kabla hajaona mtumba hata mmoja, aliiacha juu alikuwa anapeleka anakaa muda mrefu bila kulipwa, akapanda mahindi. Usiniwekee yote mimi.

Na ile ya Machi 2020 wakati wa korona serikali ilizuia mitumba isiingie mpaka Agosti, viwanda vilifunguka? Mimi nilikaa nyumbani, yaliyokuwa kwa stoo yakapanda bei, na watu wakanunua zile za mpya za kutoka Uchina. Hizo ndio zilijaza pengo. Hakuna mtu alienda kutafuta shuka ya Kisumu.

Mwalimu_Maseno

Hapo nyinyi wawili mko sawa nusu nusu. Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 ilikubaliana mitumba iondolewe pole pole mpaka 2019 iwe imeisha. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika, Marekani ikatishia mpango wa AGOA ule uliokuwa unaruhusu nguo zetu ziingie kwao bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema kwa hayo makubaliano, tuna viwanda pale Athi River vinavyoshona jinzi za kwenda huko na maelfu wanapata riziki. Rwanda ilikuwa imeshapandisha ushuru mpaka dola 2.50 kwa kilo, ikakaza, na 2018 ikaondolewa AGOA kwa upande wa nguo. Kwa hivyo si mama wa Kibuye anaamua, na si huyu kijana na elfu kumi na tano zake.

Kinachonichekesha ni kwamba jinzi inashonwa Athi River, inaenda Marekani, inavaliwa, inatupwa, inarudi Mombasa ndani ya robota. Mimi niko nayo moja, lebo inasema imetengenezwa Kenya. Niliinunua Luanda, hii ya Vihiga, siku ya soko. Sasa @MtotoWaKicomi hiyo unaiweka upande gani?

MtotoWaKicomi

Upande wa uchungu mwalimu 😅 lakini hiyo iko sawa, vaa.

MamaWawili_Kakamega

Wanaume mmeenda mpaka Marekani na kijana aliuliza asivae nini 🙄

Mimi nilikuwa mtu wa mitumba sana nikiwa sina watoto. Jumamosi nzima naranda, nashika, narudisha, nacheka na wauzaji, narudi na blauzi moja na nimefurahi kama nimevua samaki. Hiyo raha ndio hamuisemi vizuri, mtu hajui anaenda kupata nini. Duka halina hiyo, unaingia unajua, unatoka unajua. Lakini sasa nikiwa na watoto wawili na kazi, hiyo Jumamosi sina tena. Nikitaka sketi nyeusi ya saizi yangu naitaka leo naenda dukani nalipa nafunga. Bei ya mtumba ile kubwa si pesa, ni muda na jicho, na kama huna moja kati ya hizo mbili utanunua takataka ukidhani umeokoa. Kuna rafiki yangu hapa kabati imejaa za mia mia na kila asubuhi hana cha kuvaa. Kila moja ilikuwa rahisi, hakuna inayoenda na nyingine.

Za kutoshika: chupi, fulana za ndani, soksi, nguo za kuogelea, kofia iliyoshika jasho. Mpya tu na usibishane na mimi. Taulo pia, kuna watu wanasema za mtumba ni nzito na zinakauka vizuri, wabaki nazo. Nguo za ofisi chukua mtumba lakini ukifika nyumbani loweka, fua na maji moto kama kitambaa kinakubali, anika juani, piga pasi ndani na nje. Ile harufu ni ya dawa na kukaa kontena, inatoka kwa maji ya siki kidogo. Na za dukani pia fua kwanza jameni, kwani mnadhani hiyo rangi na wanga vimewekwa na nani, na zimejaribiwa na watu wangapi pale kwa kioo.

KijanaWaNjoro

Asanteni sana, nimeandika yote. Mpango ni mashati na suruali Kibuye halafu kwa fundi, ndani mpya, na @MtotoWaKicomi nitatafuta shati mbili zilizoshonwa hapa, umenigusa. Mchumba nimemsomea ile ya pasi akanuna. Bado swali la viatu, nimeona raba na vya ngozi vya mtumba vizuri mno kwa bei ya kutupa, nichukue? Na haya majaketi yangu nifanyeje, niache nyumbani ama?

Fundi_Kondele

Ngozi chukua, uikunje pale mbele vidole vinapopinda, ikionyesha mistari midogo sawa, ikipasuka kama udongo wa kiangazi achana nayo. Raba kuwa makini sana. Kuna zile soli nyepesi zenye povu ndani, zikikaa stoo miaka mingi zinaoza zenyewe bila kuvaliwa, unaona kiatu kimeng'aa kama kipya, ukitembea kutoka Kondele mpaka mjini soli inaanza kubaki barabarani vipande vipande kama mkate. Bonyeza soli na ukucha kwa nguvu. Ikirudi haraka sawa. Ikiacha alama ama itoe unga rudisha mahali umeitoa. Gundi kwa pembeni ikiwa imekauka na imekuwa njano hiyo si tatizo, mshonaji viatu anamaliza na mia moja.

NyarKibuye

Majaketi usilete huku jamani utauzia nani, hata sisi majaketi mazito yakitokea ndani ya robota tunayatoa kando, kuna mama anayachukua kwa jumla anapeleka Molo na Mau Summit, huko yanaisha asubuhi moja. Uza hapo hapo kwenu. Bakisha moja jepesi ya mvua, mwezi wa nne huku mvua ya jioni haipigi hodi.

Na ukija uje Jumapili mapema, uniulize pale upande wa mashati. Usivae saa kubwa wala viatu vya kung'aa, nikikuona hivyo bei inaanzia mia tatu 😂

KijanaWaNjoro

Nitakuja na malapa.

NyarKibuye

Mia mbili basi. Lakini kamera ni mia tatu hata uje miguu tupu.