Dream Theater wametuchosha na albamu za kiolezo kimoja: ule mtiririko waliuacha wapi?

Ndugu wapenzi wa muziki mzito, nimevumilia vya kutosha. Kila Dream Theater, bendi ya Marekani ya metali ya progressive, wanapotoa albamu, sifa zinazomwagwa ni zile zile: kwamba wapiga ala ni mahodari, kwamba nyimbo ni ndefu na zina utofauti, kwamba vidole vya mpiga gitaa John Petrucci bado ni vyepesi. Hayo hayana mbishi. Ninacholalamikia ni kwamba bendi iliyokuwa ikizifungamanisha albamu zake kama sura za riwaya moja, kila sura na tabia yake, sasa inapanga nyimbo kwa kiolezo, nasi tunapiga makofi.

Walioijua bendi hii juzi pengine hawaelewi tulichopoteza. Albamu ya 1999, Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory, inaishia kwenye mkwaruzo wa santuri, na Six Degrees of Inner Turbulence ya 2002 inaanza na mkwaruzo huo huo. Hiyo nayo inafungwa kwa sauti ndefu inayofifia, ambayo Train of Thought ya 2003 inaiokota na kuikuza taratibu kabla ya magitaa kuingia. Train of Thought inaishia kwa noti moja ya piano, noti hiyo inaifungua Octavarium ya 2005, na Octavarium inarudi mwishoni pale pale ilipoanzia. Halafu tazameni zilivyotofautiana: ya kwanza ni hadithi ya mauaji na maisha yaliyopita, ya pili ni diski mbili, ambapo diski ya pili nzima ni utunzi mmoja wa dakika 42, ya tatu ni nzito na yenye giza kuanzia mwanzo hadi mwisho, ya nne ni albamu ya nane ya bendi, yenye nyimbo nane, kila wimbo ukipanda ufunguo mmoja wa muziki kutoka F hadi F ya juu yake. Juu ya yote hayo, mpiga ngoma Mike Portnoy alikuwa akiandika kipande kwa kipande utunzi kuhusu kuacha ulevi, ulioanza na The Glass Prison mwaka 2002 na kukamilika na The Shattered Fortress mwaka 2009, ukipita katika albamu tano mfululizo.

Sasa tunapewa nini? Fungueni albamu ya 2013 iliyobeba jina la bendi yenyewe: wimbo wa nane kati ya tisa ni Along for the Ride, wimbo mpole, kisha unafuata ule mrefu wa kufungia. Fungueni Distance over Time ya 2019: wa nane kati ya tisa ni Out of Reach, mpole vile vile. Fungueni Parasomnia ya 2025: wa saba kati ya nane ni Bend the Clock, na nyuma yake umesimama ule mrefu wa kufungia, The Shadow Man Incident. Huo wanaouita utofauti umekuwa ratiba, kwa sababu msikilizaji anajua dakika ya kulainishwa kabla hata hajabonyeza kitufe.

Najua mtaniambia kwamba Images and Words ya 1992 ilipangwa hivyo hivyo, kwa kuwa Wait for Sleep ni wa saba kati ya nane. Hapo ndipo hasira yangu inapozidi. Piano ya Wait for Sleep inarudi ndani ya Learning to Live, wimbo unaoufuata na kufunga albamu, kwa hiyo wimbo mdogo unaulisha mkubwa. Walichokinakili ni nafasi ya wimbo. Kazi yake wameiacha.

Wengine wanamtupia lawama Mike Mangini, mpiga ngoma aliyechukua nafasi ya Portnoy, jambo ambalo ni uonevu mtupu. Mnyororo ule ulikatika Octavarium ilipofunga mduara wake, na Systematic Chaos ilipotoka mwaka 2007 Portnoy alikuwa bado amekalia ngoma, aliondoka 2010. Amesharudi tangu 2023, na kiolezo kipo palepale, ingawa nakiri kuwa Parasomnia, kwa kuwa inazungumzia maradhi ya usingizi tangu mwanzo hadi mwisho, angalau imejaribu kushikana.

Wala msiniletee The Astonishing ya 2016. Nyimbo 34 za hadithi moja zinatiririka, sawa, lakini zinatiririka kama maji ya bomba, kwa joto lile lile kwa zaidi ya saa mbili, na mwimbaji James LaBrie anaigiza wahusika wote hadi huwezi kujua nani anazungumza.

Anayepinga aweke hapa wimbo mpole mmoja tu, kati ya zile tatu za 2013, 2019 na 2025 nilizozitaja, ambao ukiondolewa, wimbo unaoufuata utapungukiwa na kitu. Matusi hayatanijibu.