Redio ya gari haisomeki kwenye CHIRP, shida redio au kebo?

Mlio_Mrefu
Wakuu habari za humu, naombeni msaada. Nina redio ya gari ya VHF nataka kuiprogramu kwa kompyuta, maana kuingiza chaneli moja moja kwa vitufe vya maiki ni mateso matupu. Redio iko kwenye sapulai ya volti 13.8, kebo ya USB nimeichomeka kwenye tundu la maiki, natumia CHIRP (programu ya kuingizia redio chaneli) kwenye Windows 11. Nikiiambia isome inakaa kidogo halafu inasema redio haijajibu, nimebadili tundu la USB, nimezima nikawasha vyote, wapi. Kupokea na kurusha inafanya vizuri tu. Kwenye divaisi menija (orodha ya vifaa ya Windows) kebo inaonekana ila ina kialama cha njano. Je redio imekufa upande wa data?

FundiMasafa
Redio usiiguse mkuu, hicho kialama cha njano ndo jibu lenyewe. Kompyuta haijaweza hata kuongea na kebo, redio haijafikiwa bado. Bonyeza hapo mara mbili usome, ukikuta kosa namba 10, au maneno kwamba PL2303HXA (chipu ya kampuni ya Prolific) iliondolewa tangu 2012, basi ndani ya kebo kuna chipu ya zamani au ya kuiga na draiva mpya za Prolific (programu zinazoiwezesha Windows kuongea na kebo) zinazikataa makusudi. Weka draiva ya zamani, toleo 3.2.0.0 linakubali nyingi, kisha humo humo divaisi menija chagua mwenyewe hilo toleo kwenye orodha, usiiachie Windows ikuchagulie. Na ujue Windows ikijisasisha inaweza kukurudishia ile mpya bila kukuuliza, kwahiyo kebo ikigoma tena siku nyingine anzia hapo. Kama utanunua nyingine tafuta yenye chipu halisi ya FTDI, kampuni nyingine ya chipu za aina hii.

WayaMbili
Naongezea. Kialama kikitoka na bado kimya, ijaribu kebo peke yake. Chomoa kwenye redio, unganisha waya wa kutuma na wa kupokea upande wa plagi, fungua programu ya terminal (ya kutuma na kuona herufi) kwenye namba ya COM ambayo Windows imeipa kebo, zima mwangwi wa programu yenyewe ili isijionyeshe unachoandika, andika herufi. Zikirudi kwenye skrini, kebo na draiva vizima. (Kebo za waya mmoja wa data zinarudisha herufi zenyewe, kwa hizo jaribio hili halikwambii mengi.)
Halafu tafadhali sana, lile tundu la maiki linafanana na la kebo ya mtandao lakini mpangilio wa pini unabadilika kampuni kwa kampuni na redio nyingi zina pini ya kulisha maiki umeme, mara nyingi volti 8. Ukichomeka kebo ya redio nyingine unaweza kuua chipu. Angalia mchoro wa pini wa modeli yako kwanza.

Mlio_Mrefu
Aisee ni namba 10 kweli. Nimeweka draiva ya zamani, kialama kimetoka na redio imesoma yote! Sasa nimeiandikia chaneli za ripita (kituo kinachopokea na kurusha tena mbali zaidi), naisikia ripita vizuri ila nikibonyeza kuongea haifunguki.

FundiMasafa
Safi. Lile faili la kwanza uliposoma redio lihifadhi pembeni usilihariri kamwe, ukivuruga kitu ndo la kurudia.
Kuhusu ripita angalia safu ya Tone Mode kwenye CHIRP. Watu wanaona 88.5 imeandikwa pale wanadhani toni (mlio wa chini unaoifungua ripita) inatoka, kumbe hiyo ni namba ya kuanzia tu, kama Tone Mode iko tupu redio hairushi toni yoyote. Weka Tone kisha ujaze toni ya ripita yenu. TSQL iache kwanza, hiyo inafunga na masikio yako pia, ripita isiporudisha toni utakaa kimya ukidhani redio mbovu. Halafu hakiki ofseti (tofauti ya masafa ya kupokea na ya kurusha), kujumlisha au kutoa, ikikosewa alama unarusha pasipo na mtu.

Mlio_Mrefu
Tone Mode ilikuwa tupu. Imefunguka mkuu, wamenijibu sasa hivi, ahsanteni sana.