Naomba ushauri: wachezaji wanakimbia mapambano ya bosi

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, kinapambana na mabosi (maadui wakubwa) ngazi ya Mythic, ile ngumu kuliko zote, inayodai watu 20 kamili. Tulikuwa 24, tumebaki 19; tukiingia pungufu, ugumu haushuki. Wa kwanza kupoa ni waliokwisha kupata silaha na mavazi waliyotaka. Waponyaji nao wamechoka kulaumiwa mwenzao akifa, wakati mara nyingi kosa ni la huyo aliyesimama kwenye moto wa bosi badala ya kuukwepa, na hilo linaniuma kwa kweli. Tumepunguza siku kutoka 3 hadi 2 kwa wiki, tumeweka kikomo cha majaribio 15 kwa siku. Bado.

Je, turefushe muda wa wiki iliyopita, yaani mabosi tuliokwisha kuwaua wasifufuke wiki mpya, ili twende moja kwa moja kwa bosi aliyetukwamisha, ingawa tutakosa vifaa vya mabosi wa mwanzo? Na wachezaji wa akiba, mnawazungushaje wasichoke kusubiri?