Kikundi cha ukoo: majibu ya Zuhura

Shangazi Rehema: Habari za asubuhi. Zuhura ameniruhusu niwaarifu kwamba majibu ya uchunguzi wa wiki ya 12 yametoka, na uwezekano wa mtoto kuwa na sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza, umekadiriwa kuwa 1 kwa 120. Alhamisi anarudi kliniki. Kila mmoja aseme kabla ya saa sita kama atamsindikiza.

Shangazi Rehema: Saa sita imepita. Mmesoma wote, na hakuna aliyejibu.

Juma: Shangazi, shikamoo. Hesabu zilinishinda tangu shule, lakini bahati nasibu ya 1 kwa 120 nisingeinunulia tiketi.

Shangazi Rehema: Marahaba. Hapa si mahali pa mzaha.

Neema: Mzaha wake una ukweli, Shangazi. Kati ya wajawazito 120 wenye majibu kama haya, 119 hutarajiwa kupata mtoto asiye na hali hiyo. Kipimo kile hujumlisha umri wa mama, damu yake na unene wa majimaji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto, kisha hukadiria tu. Kuna kipimo kingine cha damu kilicho sahihi zaidi, ingawa nacho hakithibitishi. Kinachothibitisha ni kuchota na kupima maji kidogo ya chupa ya uzazi, yale yanayomzunguka mtoto tumboni, kuanzia wiki ya 15, nacho kina hatari ndogo ya mimba kuharibika.

Mama Mdogo Halima: Kabla ya kupanga msafara, tukumbuke safari ile, habari zilipowafikia wakwe kabla Zuhura hajaketi na mumewe. Aliyezipeleka anajijua.

Shangazi Rehema: Lile tulilimaliza, Halima.

Mama Mdogo Halima: Ulilimaliza wewe.

Juma: Msafara wenyewe ni wa basi dogo au kubwa?

Bibi: Nimesomewa yote. Zuhura aliomba mjue, hakuomba kusindikizwa. Mtoto huyo ni wetu, awe na hali hiyo au asiwe nayo, na mama yake asiulizwe ataamua nini mpaka aseme mwenyewe. Rehema, umetuarifu vyema. Sasa mpe nafasi.

Zuhura: Shikamoo, Bibi. Tutaanza na kile kipimo cha damu, kwa kuwa hakimgusi mtoto. Jana tulianza kutaja majina, tukaishia katikati.

Bibi: Marahaba, mjukuu wangu.

Baba Mdogo Salim: Samahani, nilikuwa kazini. Gari langu lipo.

Shangazi Rehema: Nimekusikia, Mama. Salim, tuzungumze pembeni kuhusu hilo gari.