Naomba ushauri: kijana wangu anataka kuwa longi snapa

Habari zenu wakuu. Tunaishi Texas, na kijana wangu wa darasa la 11 anacheza futiboli ya Kimarekani. Kocha amempa kazi ya longi snapa: anainama, anaurusha mpira kinyumenyume kupitia katikati ya miguu yake hadi kwa mwenzake wa kuupiga kwa mguu, aliyesimama yadi kama 15 nyuma, kisha papo hapo anainuka kuwazuia wanaokuja mbio. Anaipenda mno. Jioni nzima yuko uani anarusha tu.

Kinachonipa moyo ni kwamba wanaoiweza kazi hii hudumu. Patrick Mannelly alicheza timu ya Chicago Bears misimu 16, kuanzia 1998 hadi 2013. Don Muhlbach naye alikaa Detroit Lions toka 2004 hadi 2020. Kwa mchezo unaovunja watu magoti namna ile, hiyo ni baraka.

Kinachoninyima usingizi ni nafasi. NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, ina timu 32, na kwa kawaida kila timu inaye mmoja tu. Mtu akishika namba miaka 16, kijana mpya anaingilia wapi? Wengi hata hawachaguliwi kwenye drafti, lile zoezi la kila mwaka la timu kuchagua wachezaji wapya.

Wazazi mliopitia haya: vyuo vinatoa ufadhili kamili kwa nafasi hii, au kijana huanza kwa kujilipia? Kambi za mafunzo zina faida kweli? Ashikilie hii peke yake au aendelee na nafasi nyingine pia? Mama yake anataka aache akazanie masomo, mimi sitaki kumkatisha tamaa.