Kifaranga wa siku moja hasimami, nimsaidieje?

Mfugaji Mpya: Wakuu, habari za usiku. Kuku wangu ametotoa vifaranga 10. Wa mwisho alitoboa ganda jana akatulia tuli, leo asubuhi nikambandua mwenyewe. Sasa kalala ubavu, shingo imelegea, miguu ya baridi. Mama kaondoka na wengine. Nimemnywesha uji mwepesi, unamtokea puani. Nifanyeje? Watoto wamegoma kulala.

Kuku wa Bibi: Acha uji sasa hivi! Kifaranga akiwa wa baridi tumbo halisagi kitu, na huo unaotokea puani mwingine unaelekea mapafuni. Njaa hana. Kiini cha yai kilichoingia tumboni kabla hajatoka kinamtosha siku mbili, hata tatu. Anachodai ni joto. Boksi dogo, kitambaa, taa kwa juu. Huyu hawezi kujisogeza akiungua, kwa hiyo weka kipimajoto pale pale alipolala, kisome nyuzi 32 hadi 35. Huna taa? Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo.

Jogoo Mzee: Mpe robo kidonge cha antibiotiki ya watu, kesho anakimbia.

Kuku wa Bibi: Kaka yangu, robo kidonge kwa kiumbe wa gramu 40? Hapana jamani.

Nipo Bandani: Mgeuze umwangalie kitovu. Kikiwa kimevimba, kibichi na kinanuka, ni maambukizi. Mtenge na umtafute daktari wa mifugo, ingawa wengi wa hivyo hawaponi, nisikudanganye. Kikiwa kikavu, endelea na joto.

Mfugaji Mpya: Asubuhi njema. Kitovu kikavu. Usiku wa manane miguu ilipata joto, akaanza kulia, nami nikalala kidogo. Ila sasa chini ya mkia kinyesi kimeganda kama gundi.

Nipo Bandani: Usikivute, utatoka na ngozi! Bana pamba yenye maji ya uvuguvugu mpaka kilainike, futa, mkaushe kabisa kisha umrudishe kwenye joto. Kitovu ni pale mbele tumboni, kigaga chake usikiguse, wengi hukosea hapo. Maji sasa anaweza: koroga sukari kidogo, weka tone ubavuni mwa mdomo, ameze mwenyewe. Usimmiminie.

Mfugaji Mpya: Siku ya tatu leo. Anakunywa, anadonoa kiini cha yai la kuchemsha. Lakini akisimama miguu inakwenda huku na huku, anakaa msamba.

Kuku wa Bibi: Umemtandikia nini?

Mfugaji Mpya: Gazeti.

Kuku wa Bibi: Ndilo hilo, linateleza. Tandika taulo. Kisha unganisha miguu kwa plasta laini, ukiacha nafasi anayohitaji kusimama sawasawa. Usikaze. Kila siku ifungue uone kama anaimudu miguu.

Mfugaji Mpya: Nimefunga. Kaanguka mara mbili, kajinyanyua, kaja kudonoa kifungo cha shati langu! Nimrudishe kwa mama usiku huu?

Nipo Bandani: Bado. Kwanza atembee bila plasta. Siku hiyo mpenyeze chini ya bawa gizani, na alfajiri uwe macho. Mama akimdonoa kichwani, mtoe, umpe mwenzake mmoja wakae naye bokisini.

Jogoo Mzee: Kidonge nimekifuta, wakuu.